Viazi vya Chipsi kwa Mikahawa Yenye Matawi Mengi: Mwongozo Kamili wa Kuuza Bila Kurudishwa Langoni

Malalamiko ni yale yale. Mkulima amepakia pikapu usiku kutoka Ol Kalou au Timau, amefika Nairobi kabla jua halijawa kali, mpokea mzigo akachomoa viazi vichache, akavikata, akavitia kwenye mafuta, kisha akamwambia ageuze gari. Viazi vimekuwa vyeusi, au vimelowa mafuta, au nusu ya gunia ni vidogo kama mayai ya kware.

Wengi husingizia kujuana. Kujuana kunaweza kukufungulia mlango mara moja, lakini mafuta ya moto hayamjui mtu.

Mnakumbuka Januari 2022, KFC Kenya ilipoishiwa chipsi kwa sababu shehena kutoka nje zilichelewa. Watu walihamaki: nchi yenye Nyandarua, Molo na Meru inakosaje viazi? Jibu la kampuni lilikuwa kwamba haiwezi kununua kwa yeyote tu, kwani msambazaji lazima awe amepita kwanza ukaguzi wake wa ubora. Viazi vilikuwepo. Msambazaji aliyepitishwa ndiye aliyekosekana.

Mkahawa wenye matawi kumi huuza chipsi zinazofanana Jumatatu na Jumamosi, Westlands na Kisumu. Kwa hiyo unachouza wewe ni kufanana huko, na kufanana huanza kwenye mbegu. Hatua zifuatazo ni kwa mkulima, kikundi au mfanyabiashara anayetaka kuwa msambazaji wa kudumu. Mifano mingi ni ya Kenya, lakini mwenzangu wa Mbeya au Njombe hatapotea, maana mafuta ni yale yale.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Mizani ya kidijitali inayoning'inizwa, yenye kusoma gramu, na mfuko wa wavu
- Ndoo kubwa ya lita 20 na chumvi ya kawaida, kilo 2
- Kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 200 za Selsiasi, sufuria nzito na mafuta ya kukaangia
- Rula, na pete ya waya yenye kipenyo cha milimita 50
- Daftari la shamba, moja kwa kila kipande cha ardhi
- Kreti za plastiki au magunia ya kilo 50, na turubai lisilopitisha mwanga
- Ghala lenye giza na hewa
- Namba ya mlipakodi, akaunti ya benki au ya simu kwa jina la biashara, na mtaji wa kuendesha kazi miezi miwili bila kulipwa

Hicho cha mwisho ndicho kinachowaangusha wengi kuliko ugonjwa wowote wa viazi. Tutakifikia.

## Hatua ya 1: Omba vigezo kabla hujanunua mbegu

Nenda kwa afisa manunuzi wa mkahawa mikono mitupu. Usipeleke sampuli. Peleka maswali, na uyaandike majibu:

Mnanunua viazi vibichi, vilivyomenywa, au chipsi zilizokatwa na kugandishwa? Mzigo unapokelewa jiko kuu au kila tawi? Urefu na unene wa chini ni upi? Mnakubali kasoro asilimia ngapi katika gunia? Mnahitaji kilo ngapi kwa wiki, na mnalipa baada ya siku ngapi?

Swali la kwanza ndilo linalobeba mengine. Mikahawa mingi yenye matawi haina mtu wa kumenya viazi nyuma ya jiko; hununua chipsi zilizogandishwa kutoka kiwandani. Ukijibiwa hivyo, mteja wako si mkahawa tena. Ni kiwanda kinachoulisha, na huko ndiko upeleke maswali yako. Usipoteze msimu mzima kugonga mlango usio wako.

Kwa chipsi, vigezo vya kawaida hukaribiana: kiazi kirefu au cha mviringo uliorefuka, kipenyo kuanzia milimita 50, macho yasiyozama, kisicho na kijani, na maada kavu isiyopungua asilimia 20. Maada kavu ni kile kinachobaki maji yote yakiondolewa. Ikiwa ndogo, maji huondoka kwenye mafuta, nafasi yake huchukuliwa na mafuta, na chipsi hulegea kabla haijafika mezani. Mkahawa nao hupoteza mara mbili, kwa mafuta na kwa mteja.

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa mmoja wenye tarakimu, uliotoka kwao. "Tunataka viazi vizuri" si kigezo.

## Hatua ya 2: Chagua aina kwa ajili ya kikaango

Kenya inalima Shangi. Inakomaa upesi, karibu miezi mitatu, inazaa, inaiva haraka kwenye sufuria, na kila dalali anaijua. Vibanda vya chipsi vinaikaanga kila siku na watu wanakula. Lakini kwa mnunuzi wa aina hii ina mikosi miwili: macho yake yamezama, hivyo kumenya kunapoteza nyama nyingi, na hailali. Ndani ya mwezi mmoja tangu kuvunwa, mara nyingi mapema zaidi, imeanza kuchipua. Huwezi kuitunza ghalani ili uuze mwezi wa pili.

Markies ni ya chipsi hasa. Ina maada kavu ya kutosha na hulala muda mrefu, ila huchukua karibu miezi minne shambani na inahitaji uvumilivu wa dawa na mbolea. Unica hurefuka vizuri na hustahimili joto kuliko nyingi. Dutch Robijn ni ya krispu, hivyo usimpelekee mtu wa chipsi.

Nunua mbegu iliyothibitishwa, kwa Kenya yenye lebo ya KEPHIS, kwa Tanzania ya TOSCI, taasisi za serikali zinazokagua mbegu. Ekari moja hula takriban magunia 16 ya kilo 50. Ni pesa nyingi, najua. Lakini mbegu ya sokoni huja na mnyauko bakteria, na ugonjwa huo ukishaingia kwenye udongo hakuna dawa ya kuutoa. Utapumzisha shamba kwa miaka na kupanda mahindi au ngano badala yake. Tena mbegu ya sokoni huja imechanganyika. Gunia lenye aina tatu hutoa chipsi za rangi tatu katika kikaango kimoja, na hapo mpokea mzigo hana haja ya kuangalia kingine.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya wiki, usipige ya msimu

Hapa ndipo ndoto nyingi hufa, afadhali zifie kwenye karatasi.

Tuseme mkahawa unataka tani 1 kwa wiki. Hiyo ni tani 52 kwa mwaka. Mavuno ya wastani nchini Kenya ni karibu tani 8 hadi 10 kwa hekta, yaani si zaidi ya tani 4 kwa ekari. Si kila kiazi kitafikia milimita 50. Chukulia asilimia 60 inafaa. Zimebaki tani 2.4. Gawanya 52 kwa 2.4: unahitaji mavuno ya ekari 22 hivi, yasambazwe mwaka mzima. Ukilima vizuri ukapata tani 8 kwa ekari, zitatosha 11.

Kwa hiyo mwenye ekari mbili asiahidi tani kwa wiki. Aungane na wenzake, wapande aina moja, kwa kupokezana kila wiki mbili au tatu. Mvua za masika na vuli hazitawaruhusu kupanga hivyo bila maji ya kumwagilia au bila wanachama walio kwenye miinuko tofauti. Kikundi chenye watu wa Kinangop na watu wa Timau kina nguvu kuliko chenye majirani watupu, kwa kuwa mvua ikichelewa huku, kule bado kuna kiazi ardhini.

Tahadhari: mwanachama mmoja akichomeka magunia ya Shangi katikati ya Markies, kikundi kizima ndicho kinachorudishwa. Wekeni mkaguzi wenu kabla mkahawa haujaweka wake.

## Hatua ya 4: Shambani

Kilimo chenyewe maafisa ugani wanakieleza vizuri. Nitagusa yale tu yanayoonekana kwenye kikaango.

Usirundike mbolea ya naitrojeni mwishoni. Majani yatapendeza, kiazi kitachelewa kukomaa na kitajaa maji. Inulia matuta vizuri, mara mbili, kwa sababu kiazi kinachochungulia jua hugeuka kijani na kujenga solanini, ambayo ni sumu na ni chungu. Mpokea mzigo akikiona kimoja juu ya gunia atamwaga gunia zima.

Kila unapopuliza dawa ya bakajani andika tarehe, jina la dawa, kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa. Kama daftari halina tarehe hizo, mkaguzi atachukulia hukusubiri.

## Hatua ya 5: Kata mashina, subiri, ndipo uvune

Mazao yakishakomaa, kata mashina yote usawa wa udongo na uache viazi ardhini siku 10 hadi 14. Ngozi hukaza. Kiazi chenye ngozi laini huchubuka kwenye gunia, jeraha huwa jeusi, na uozo huingilia hapo.

Kipimo ni kidole gumba: chimbua viazi kadhaa, visugue kwa nguvu. Ngozi ikitoka, subiri. Ikishika, vuna.

Dalali atakuja wiki ya pili na pesa mkononi na kukwambia bei itashuka kesho. Huenda ikashuka kweli. Lakini viazi alivyovitaka ni vya sokoni, na wewe umeamua biashara nyingine.

Vuna siku kavu. Usitupe viazi kutoka mbali, viwekwe. Visikae juani hata saa moja: funika.

## Hatua ya 6: Vijaribu mwenyewe kabla hawajavijaribu wao

Ukisoma hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Majaribio yote mawili yanafanyika uani kwako, kwa pesa ya chumvi na mafuta, na yanakuonyesha kile ambacho mpokea mzigo angekuonyesha mbele ya watu.

Jaribio la chumvi. Tia lita 10 za maji kwenye ndoo na chumvi kilo 1 na robo. Koroga mpaka iyeyuke yote, isibaki chembe chini. Maji hayo sasa ni mazito kiasi kwamba kiazi chenye maada kavu ya karibu asilimia 20 au zaidi huzama, na chenye maji mengi huelea.

Chukua viazi 20 kutoka magunia tofauti, vioshe, vikaushe, uvitumbukize kimoja kimoja. Mimi huweka mstari kwenye 18: vikizama 18 au zaidi, fungu hilo linaendelea. Vikizama 12, usipakie. Kinachoelea kikate katikati, kwa kuwa wakati mwingine si maji, ni tundu ndani ya kiazi, nalo ni kosa la namna yake. Badilisha maji ya chumvi baada ya mafungu machache, maana kila kiazi kilicholowa hupunguza ukali wake.

Unayetaka tarakimu ya kumwonyesha mnunuzi, tumia mizani. Pima kilo 5 za viazi safi kwenye wavu, kisha pima wavu huo ukiwa umezama kwenye maji matupu bila kugusa ndoo, na uondoe uzito wa wavu wenyewe mara zote mbili. Ukisoma gramu 370 majini, hesabu ni 5 kugawanya kwa 4.63 (yaani 5 kutoa 0.37), unapata 1.08. Hiyo ndiyo tarakimu viwanda vinayoitafuta. Chini ya gramu 370, viazi vina maji mengi mno.

Jaribio la mafuta. Sukari iliyomo kwenye kiazi, ikikutana na asidi za amino kwenye joto kali, ndiyo huleta weusi na uchungu. Huioni kwa macho wala huionji. Inabidi ukaange.

Chukua viazi 20, kutoka kila kimoja kata kipande kimoja cha katikati, unene wa milimita 10, kutoka ncha hadi ncha. Usivioshe. Jikoni wataviosha au kuvichemsha kidogo ili kutoa sukari, lakini wewe unataka kuona ubaya wote. Pasha mafuta hadi nyuzi 175, kaanga dakika 3 hadi 4, vitandaze juu ya karatasi nyeupe penye mwanga wa mchana.

Soma hivi. Rangi ya dhahabu iliyofifia kote: nzuri. Katikati dhahabu lakini ncha moja nyeusi: shamba lilipata shida ya maji au joto wakati viazi vinajaa. Vyote kahawia: vimevunwa vichanga au vimekaa kwenye baridi. Vipande viwili vyeusi kati ya 20 nadhani vinavumilika. Vitano havivumiliki kwa mnunuzi yeyote ninayemjua.

Kuhusu joto: usikaange kwa nyuzi 190 ili umalize haraka. Juu ya 175 hata kiazi kizuri huungua, na akrilamaidi, kemikali yenye madhara inayotokea wanga unapokaangwa kwa joto kali, huongezeka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/2158 inashauri kiwango hicho hicho, na mikahawa ya kimataifa huja na miongozo ya namba hizo hadi kwetu.

Piga picha ya karatasi yako ikiwa na tarehe na namba ya fungu. Siku mzigo ukibishaniwa, hiyo ndiyo shahidi wako.

## Hatua ya 7: Ghala: giza ndiyo, friji hapana

Kosa ninaloona kwa watu wenye pesa ni kukodi chumba baridi cha maua au mboga, nyuzi 4. Viazi haviozi humo, lakini chini ya nyuzi 8 hivi kiazi huanza kugeuza wanga wake kuwa sukari. Mwezi mmoja baadaye kinang'aa kwa nje na kuwa kama makaa ndani ya mafuta.

Lenga nyuzi 8 hadi 12, hewa ipite, unyevu uwepo, mwanga usiwepo kabisa. Miinuko ya Nyandarua au Njombe inakaribia hali hiyo bila umeme, kwa ghala la kuta nene na matundu yanayofunguliwa usiku na kufungwa mchana. Wiki mbili za kwanza ni za majeraha kupona, usivisogeze ovyo.

Kama tayari vimepatwa na baridi, viweke mahali pa nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki mbili au tatu. Sehemu ya sukari hupungua. Rudia jaribio la mafuta, ndipo uamue.

## Hatua ya 8: Kupanga, kupima na kuweka namba

Pitisha viazi kwenye pete ya waya. Kinachopita ni kidogo, kinatoka. Ondoa kijani, vilivyokatwa na jembe, vyenye mabaka na vilivyochipua.

Magunia ya kilo 50, basi. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zinakataza kuzidisha, na mnunuzi mwenye mizani hana habari na mukorino wala lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Kreti ni bora zaidi kama safari ni ndefu.

Kila gunia liwe na namba ya fungu: shamba, kipande, tarehe ya kuvuna. Watu hudhani ni urasimu. Mwaka 2015 mikahawa ya Chipotle huko Marekani ilihusishwa na mlipuko wa bakteria E. koli uliowagusa watu katika majimbo 11, na wachunguzi hawakuweza kubaini ni kiungo gani hasa kilichouleta. Kwa hiyo kila msambazaji alibaki chini ya kivuli. Namba kwenye gunia ndiyo inayokuruhusu kusema: "Fungu lenye tatizo ni hili, haya mengine tisa hayahusiki."

## Hatua ya 9: Mzigo wa majaribio, kisha mzigo wa kila wiki

Omba kuanza kidogo: magunia matano, tawi moja au jiko kuu, wiki nne mfululizo. Mkahawa unakupima kama unaweza kurudia, na wewe unawapima kama wanaweza kulipa.

Fika ndani ya saa za mapokezi. Jiko linalojiandaa kwa chakula cha mchana halitasimama ili likupimie. Usipange Ijumaa jioni, mzigo ukikataliwa utakaa nao hadi Jumatatu. Mjulishe mpokeaji gari likiwa njiani, na uwe na gari la akiba unaloweza kulipigia simu.

Usafiri si jambo dogo hata kwa wakubwa. Februari 2018 KFC Uingereza ilibadilisha kampuni ya kusambaza, ikategemea ghala moja lililoko Rugby, na zaidi ya nusu ya matawi yake karibu 900 yalifungwa kwa kukosa kuku. Kuku walikuwepo ghalani.

Hati ya mzigo iwe na kilo, namba za mafungu na saa ya kufika, isainiwe na mpokeaji kabla hujaondoka. Mzigo ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kilo zilizokataliwa. Usigombane langoni: yule kijana mwenye kisu ndiye utakayekutana naye wiki ijayo.

## Hatua ya 10: Makaratasi na pesa

Sokoni unalipwa papo hapo. Hapa utasubiri siku 30, mara nyingine 60, tangu ankara ipokelewe. Kwa tani 1 kwa wiki, siku 30 zina maana umeshapeleka tani 4 au 5 kabla ya kuona shilingi ya kwanza. Siku 60, tani 8 au 9. Mafuta ya gari, vibarua, magunia na wanachama wa kikundi hawasubiri. Piga hesabu hiyo kabla ya kusaini, na kama mtaji hautoshi, jadili siku 14 kwa bei iliyopungua kidogo. Maafisa manunuzi hukubali zaidi ya watu wanavyodhani.

Kwa Kenya, toa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Tangu mwanzo wa 2024, gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliki katika hesabu za kodi za mnunuzi, kwa hiyo hata akikupenda hawezi kukununulia bila hiyo. Tanzania ni risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi.

Kwenye mkataba tafuta vifungu vitatu: bei inarekebishwa lini na kwa kigezo gani, nani anabeba hasara mzigo ukikataliwa baada ya kusainiwa, na je, wanalazimika kununua kiasi cha chini kwa wiki. Bila hicho cha tatu, bei ya soko ikishuka watanunua Wakulima Market na kukuacha na ghala lililojaa.

Zile asilimia 40 zisizofikia kigezo usiziache ziozee shambani zikisubiri muujiza. Vidogo vizima vinauzwa kwa hoteli za kupika viazi karai na kwa mama ntilie, na vilivyokatwa na jembe viuzwe siku hiyo hiyo kwa kibanda cha chipsi kilicho karibu. Vya kijani na vilivyooza zika mbali na shamba, wala usimpe ng'ombe. Vidogo hivyo usivifanye mbegu ya msimu ujao, hata ukishawishika. Panga mnunuzi wao kabla ya siku ya kuvuna, kwa kuwa siku hiyo yenyewe utakuwa na gari la kuwahi.